Bunduki Kuukuu ya Kuwindia: Kipi ni cha Asili, Kipi Kimebadilishwa?

Ukikabidhiwa bunduki kuukuu ya kuwindia, kwanza fungua mtambo wake na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chumba cha risasi na magazini ni vitupu. Kisha isogeze penye mwanga wa dirisha. Macho yatavutwa na mtutu mrefu, na mti wa kitako wenye mawimbi mazuri, na maandishi ya kiwanda. Yaache hayo kwanza. Anza na vichwa vya skrubu.

Skrubu ndiyo mlango aliopitia kila fundi aliyewahi kuingia humo. Hakuna aliyebadilisha kitako, triga au bamba la nyuma ya kitako bila kuigusa. Ikiwa mfereji wa kichwa chake umelika kingo na chuma kimesukumwa upande mmoja, mtu aliingia akiwa na bisibisi isiyofaa. Ikiwa mfereji ni safi na kichwa kina weusi wa kung'aa huku chuma kinachokizunguka kimefifia kuwa cha kijivu, skrubu hiyo ni mgeni. Na ukikuta skrubu ya kufunguliwa kwa bisibisi ya nyota kwenye bunduki inayosemwa ni ya 1920, huhitaji kubishana sana, kwa maana skrubu za aina hiyo zilianza kuenea viwandani katikati ya miaka ya 1930.

Bunduki bora za Kiingereza zinasema zaidi ya hapo. Mafundi wa London na Birmingham walizoea kutengeneza skrubu zenye mfereji mwembamba sana, na walizikaza hadi mifereji yote ielekee upande mmoja, sambamba na mtutu. Mfereji mmoja ukisimama kombo kati ya wenzake, ama skrubu hiyo si yake, ama tundu limelegea, ama mtu alishindwa kuirudisha alipoitoa. Ni jambo dogo la kutazama, na lina ushahidi mwingi.

Nimeanza na skrubu kwa makusudi. Wengi wanaojifunza kazi hii hukariri orodha: kipande gani kilitumika mwaka gani, chenye umbo gani. Orodha zinasaidia, na hapa chini nitataja kadhaa. Lakini kipande kikitazamwa peke yake kinaweza kukudanganya, kwa sababu kinaweza kuwa halisi kabisa na bado si cha bunduki hiyo. Ukweli hujitokeza pale vipande viwili vinapokutana: mti na chuma, mtutu na chuma cha mtambo, skrubu na tundu lake. Vipande vilivyoishi pamoja miaka themanini vimelowa mvua moja, vimeshikwa na mikono ile ile na kusuguliwa na mfuko ule ule wa ngozi. Kipande kilichokuja baadaye hakina kumbukumbu hiyo, hata kama kilitoka kiwanda kile kile.

Neno “orijino” linabeba mengi mno

Muuzaji akisema “kila kitu ni orijino”, muulize kwa upole ana maana ipi. Kuna kipande kilichotoka kiwandani kikiwa kwenye bunduki hii hii. Kuna kilichowekwa na kiwanda chenyewe miaka mingi baadaye, bunduki iliporudishwa kutengenezwa. Kuna cha kiwanda kile na miaka ile, lakini kilichong'olewa kwenye bunduki nyingine iliyokufa. Kuna cha kampuni nyingine alichokinunua mwindaji wa zamani kwa hiari yake, kama vilengeo vya Lyman au Marble, ambavyo vingine vina umri unaokaribia ule wa bunduki. Na kuna nakala mpya iliyotengenezwa juzi ifanane na ya zamani.

Makundi haya hayana thamani moja, na kuyachanganya ndiko kunakozaa ugomvi. Binafsi sioni aibu yoyote katika kilengeo alichokifunga mwindaji mwaka 1925 kwa sababu macho yake yalikuwa yanachoka. Hiyo ni sehemu ya maisha ya bunduki. Aibu huanza pale kipande cha juzi kinapopakwa dawa kionekane kizee.

Tena, cha ajabu si lazima kiwe cha bandia. Kampuni ya Winchester ya Marekani, enzi zake za zamani, ilipokea oda maalumu. Mteja aliweza kuagiza mtutu mrefu au mfupi kuliko wa kawaida, magazini nusu, mti wa daraja la juu, au vilengeo vya kampuni nyingine vikafungwa pale pale kiwandani. Na chukua mfano wa John Rigby & Co. ya London: mwishoni mwa miaka ya 1890 iliingia ubia wa kibiashara na Mauser ya Ujerumani, ikawa inapokea mitambo mipya kutoka kiwanda chake cha Oberndorf na kuijengea bunduki zake. Mtu asiyejua akiona alama za Kijerumani chini ya jina la Kiingereza atasema bunduki imeunganishwa ovyo, kumbe hivyo ndivyo ilivyozaliwa.

Mihuri ya mtutu na resiva

Resiva ni ile sehemu ya chuma ya katikati, inayobeba mtambo na ambamo mtutu umekazwa kwa hesi. Hapo ndipo mkutano mkubwa kuliko yote ulipo, kwa kuwa mtutu huchakaa, hupata kutu ndani, au hubadilishwa ili bunduki ipige risasi ya aina nyingine.

Kwenye Winchester, tafuta muhuri mdogo wa duara la yai wenye herufi W na P zilizopandana. Kiwanda kilianza kuupiga mwaka 1905, kuonyesha kwamba silaha imejaribiwa kwa risasi yenye nguvu kupita kiasi na ikahimili. Kwa kawaida unakuwa juu ya mtutu na juu ya resiva, karibu karibu. Ukiwa juu ya mtutu tu, au ukiwa juu ya bunduki ambayo namba yake ni ya miaka ya kabla ya 1905, mtutu huo una maelezo ya kutoa. Huenda ulirudi kiwandani, huenda ulitoka kwingine. Upo pia muhuri wa yai wenye P peke yake, ambao Winchester iliupiga kwenye mitutu iliyouzwa kama kipuri, ikafungwe na fundi nje ya kiwanda. Ukiuona huo, umepata jibu bila kufungua skrubu hata moja: mtutu ni wa Winchester kweli, na haukuzaliwa na resiva hiyo.

Winchester Model 70, iliyoanza kutoka katikati ya miaka ya 1930, ina siri nyingine ya manufaa. Mitutu yake ya kabla ya 1964 ilipigwa chini yake, mbele kidogo ya resiva, tarakimu mbili za mwaka iliotengenezwa. Ni lazima uvue mti ili uzione. Linganisha na mwaka unaotokana na namba ya mfululizo. Pengo la mwaka mmoja au miwili halinitishi, kwa sababu mitutu ilikaa stoo ikisubiri zamu yake. Pengo la miaka kumi ni habari nyingine.

Remington ilianza mwaka 1921 kupiga herufi ubavuni mwa mtutu, upande wa kushoto karibu na resiva. Herufi ya kwanza ni mwezi, na miezi kumi na miwili inafuata herufi za BLACKPOWDERX, kwa hiyo B ni Januari, L ni Februari, A ni Machi, hadi X ya Desemba. Inayofuata ni ya mwaka. Watu wengi huisoma tarehe hiyo kuwa ni ya kuzaliwa kwa bunduki nzima. La. Ni ya mtutu, na ndiyo maana inafaa sana katika kazi yetu.

Bunduki za Ulaya zina faida ambayo za Marekani hazina: sheria. Ujerumani, Austria na Uingereza, kati ya nchi nyingine, zililazimisha kila silaha ipitie nyumba ya majaribio ya serikali au ya chama cha mafundi kabla ya kuuzwa. London wanajaribu silaha chini ya chama chao kilichopata hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham walipata nyumba yao kwa sheria ya Bunge ya 1813. Mihuri yao ni kama pasi ya kusafiria iliyojaa tarehe. Bunduki ya Kijerumani ya miaka ya 1920 mara nyingi ina tarakimu ndogo chini ya mtutu, mfano 4.28, maana yake Aprili 1928. Alama za zamani za Kijerumani zina taji juu ya herufi. Kufuatia sheria ya 1939 taji likaondoka, akaja tai juu ya N. Baada ya vita tarehe ziliandikwa kwa herufi badala ya tarakimu: A ni 0, B ni 1, na kuendelea hadi K ambayo ni 9, huku J ikirukwa.

Sasa fikiria bunduki yenye taji kwenye resiva na tai kwenye mtutu. Haihitaji shahidi mwingine. Mtutu ni wa baada ya resiva.

Kwa Uingereza, mwaka wa kukumbuka ni 1954. Kabla ya hapo, mitutu ya bunduki kubwa iliandikwa uzito wa baruti na uzito wa juu wa risasi, kwa mfano neno CORDITE, jina la aina ya baruti, likifuatiwa na tarakimu. Kanuni za 1954 zilihamia kwenye mgandamizo, ukiandikwa kwa tani kwa kila inchi ya mraba. Bunduki ya 1910 yenye alama za tani ilirudi kwenye nyumba ya majaribio baada ya 1954. Kwa nini? Huenda ilipata mtutu mpya, huenda chumba chake kilipanuliwa kwa risasi nyingine. Alama inakuambia uulize, haikuambii jibu, na mtu makini haongezi neno pale alama iliponyamaza.

Namba zinapolingana, na zinapolazimishwa kulingana

Viwanda vingine viliandika namba ya bunduki kwenye zaidi ya kipande kimoja, na hii ni zawadi kwa mchunguzi. Savage Model 99, bunduki ya wenzo (mtambo wake huendeshwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya triga) iliyobuniwa na Arthur Savage, ilipigwa namba yake kwenye resiva, kisha kwenye mti wa kitako chini ya bamba, upande wa ndani wa bamba lenyewe, na ndani ya ubao wa mbele. Fungua skrubu mbili za bamba tu na tayari umejua kama kitako ni chake. Kwenye Winchester za wenzo zenye mti wa daraja la juu, utakuta namba ya kuunganishia, isiyo ile ya mfululizo, ikijirudia kwenye ulimi wa resiva unaoingia kitakoni, ndani ya mti na kwenye bamba. Bunduki za Kiingereza zenye mitutu miwili hubeba namba kwenye mitutu, kwenye mwili wa mtambo na kwenye chuma cha ubao wa mbele.

Kwa Mauser za kijeshi, tarakimu mbili za mwisho hupigwa hata kwenye vipande vidogo. Baada ya vita viwili vya dunia nyingi ziligeuzwa za kuwindia: mkono wa bolti, ile inayofunga chumba cha risasi, ukapindwa, mti ukakatwa, vilengeo vikabadilishwa. Ukikuta namba zote zinalingana kwenye bunduki kama hiyo, umethibitisha kwamba mtambo wa kijeshi umebaki mzima. Hujathibitisha lolote kuhusu mti wala mtutu wa kuwindia. Kosa hili nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wanaojua mengi, na linatokana na kutaka jibu moja litoshe kwa maswali mawili.

Namba pia hughushiwa. Muhuri wa kiwandani kwa kawaida ulipigwa kabla ya rangi ya mwisho, kwa hiyo rangi imeingia hadi chini ya tarakimu na kingo zake zimelainika pamoja na uso wa chuma. Namba iliyopigwa juzi huinua kingo, ukipitisha ukucha unakwaruza, na chini ya tarakimu chuma huwa cheupe au kimepakwa rangi isiyofanana na jirani yake. Tazama pia mwandiko. Kiwanda kilitumia seti moja ya mihuri kwa miaka. Tarakimu 4 iliyofungwa juu kando ya 4 iliyo wazi ni mikono miwili tofauti. Na mahali panapoonekana pameliwa kwa tupa, penye bonde dogo chini ya namba, palikuwa na namba nyingine.

Rangi ya chuma

Ule weusi wenye ubuluu kwenye bunduki si rangi ya kupaka. Ni kutu iliyodhibitiwa. Kwa njia ya zamani, chuma kilipakwa dawa, kikaachwa kishike kutu laini, kikachemshwa, kikasuguliwa, na kazi hiyo ikarudiwa siku kadhaa. Matokeo yake ni weusi laini usiong'aa sana. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 viwanda vilihamia kwenye chumvi za moto: kipande kinatumbukizwa kwenye kimiminika chenye joto kali na kutoka cheusi chenye kung'aa baada ya muda mfupi. Kwa hiyo bunduki ya 1912 yenye weusi unaong'aa kama kioo huenda ilipakwa upya, au huenda kipande hicho ni kigeni.

Bunduki yenye mitutu miwili ikitumbukizwa kwenye chumvi hizo kuna hatari kubwa kuliko hasara ya thamani. Mitutu yake na ubavu unaoiunganisha vimeshikizwa kwa lehemu laini, na chumvi hizo huila lehemu. Ukiona bunduki ya aina hiyo imepata weusi wa kung'aa wa kisasa, mpe fundi mjuzi aikague kabla ya mtu yeyote kufikiria kuipiga.

Kupaka upya huacha nyayo hata rangi ikipatia, kwa sababu kabla ya kupaka ni lazima kung'arisha, na magurudumu ya kung'arisha hayaheshimu kona. Kingo za resiva zilizokuwa kali kama za sanduku jipya huwa za mviringo. Kingo za matundu ya skrubu huzama, yakawa kama visahani. Maandishi ya mtutu hupoteza wino wake, tuseme hivyo, upande mmoja: herufi za mwanzo ni nzito, za mwisho zinakaribia kufutika, kwa sababu mkono ulikandamiza zaidi upande ule. Na ukikuta vidonda vya kutu ambavyo ndani yake ni vyeusi safi, jua kutu ilitangulia na rangi ikafuata.

Kisha kuna kosa la vipande visivyotakiwa kuwa vyeusi. Bunduki nyingi zilitoka na bolti nyeupe ya chuma kitupu, au na nyundo na wenzo zenye rangi za mawingu, buluu na kahawia na kijivu zikichanganyika, zinazotokana na kupashwa moto ndani ya mkaa wa mifupa na ngozi. Anayepaka kila kitu cheusi huzifuta zote kwa siku moja.

Uchakavu halali una ramani yake. Bunduki ya wenzo hubebwa kwa mkono mmoja kwenye kitovu cha uzito, chini ya resiva, na hapo rangi huondoka hadi chuma kikawa cha fedha. Mdomo wa mtutu hukwaruzwa na mfuko wa ngozi kwenye tandiko. Kama tumbo la resiva limekuwa jeupe kwa kubebwa, na nusu shubiri mbele yake mtutu una weusi kamili, basi havikutembea pamoja. Nikilazimika kuchagua ushahidi mmoja tu kati ya yote, ningechagua huu, kwa sababu muhuri unaweza kughushiwa kwa dakika, lakini miaka arobaini ya kiganja cha mkono ni vigumu mno kuiga.

Mti na chuma

Kitako huvunjika shingoni, mahali pembamba nyuma ya triga, na ndiyo maana vitako vingi vimebadilishwa. Viwandani mti wa jozi ulichongwa na kusuguliwa ukiwa karibu na chuma, ukaachwa umepanda juu ya chuma kwa unene wa karatasi nzito. Pitisha kidole kutoka chuma kwenda mti. Ukipanda kijingazi kidogo, ni dalili njema. Ukishuka, mti umepigwa msasa siku moja au nyingine, au umetoka kwenye resiva nyingine. Kwenye bamba la kitako hali ni tofauti: mti na chuma vilisuguliwa pamoja hadi vikalingana. Bamba linalochomoza pande zote limebaki kubwa baada ya mti kupunguzwa.

Mikato ya kushikia, ile ya vijialmasi shingoni na chini ya ubao wa mbele, ni shahidi mwingine. Vijialmasi vya zamani huchakaa katikati na kubaki vikali pembeni. Vikiwa vimelala sawasawa kote, msasa umepita. Vikiwa vikali kote kwenye bunduki iliyochakaa chuma, vilikatwa upya au mti ni mgeni. Na mti uliokaa na mtambo wake miongo mingi hulowa mafuta nyuma ya ulimi wa resiva ukawa mweusi. Sipendi weusi huo kwa sababu hulainisha mti, ila ukikosekana kwenye bunduki inayodaiwa kutumika sana, nauliza umekwenda wapi.

Pedi ya mpira nyuma ya kitako mara nyingi iliongezwa baadaye, na kuiweka kulihitaji kukata mti. Pima kutoka triga hadi mwisho wa kitako. Bunduki nyingi za kiwandani huangukia karibu sentimita 33 hadi 35. Ukipata urefu huo pamoja na pedi nene, mti umekatwa, na bamba la asili likipatikana leo haliwezi kurudi mahali pake bila kuongezewa kipande.

Mwaka 1964 unastahili kutajwa hapa kwa sababu Winchester ilibadilisha mengi kwa pamoja ili kupunguza gharama. Model 70 iliacha kucha ndefu ya kuchomolea ganda iliyorithiwa kutoka mfumo wa Mauser, ikaacha mikato ya kushikia iliyokatwa kwa chombo na kuanza kuigandamiza kwa moto na mashine, na mtutu ukaachiwa nafasi pana ndani ya mti. Namba mpya zilianzia 700,000. Mtambo wenye namba ya chini ya hapo ukikaa kwenye mti wenye mikato ya kugandamizwa, mti huo si wake. Model 94 nayo ilipata chuma cha resiva kisichoshika weusi kwa njia ya zamani, na baadhi ya vipande vya ndani vikawa vya bati lililopigwa badala ya chuma kilichochongwa. Kipande cha bati kikionekana ndani ya bunduki ya 1930, ni kipuri cha baadaye.

Nakala za kisasa hujulikana kwa ndani kuliko kwa nje. Fundi wa zamani aling'arisha panapoonekana na kuacha nyayo za mashine pasipoonekana, mistari myembamba ya kisu cha chuma. Kipande cha kumimina kwenye kalibu huwa na uso wa chembechembe kama ganda la yai, na wakati mwingine mstari pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Nje vinaweza kufanana kabisa.

Matundu yaliyoongezwa

Darubini zilipoenea baada ya vita, maelfu ya resiva zilitobolewa. Model 70 za kabla ya vita hazikuwa na matundu ya kufungia darubini kwenye daraja la nyuma la resiva. Yaliongezwa kiwandani baadaye. Model 94 za zamani hutupa ganda kwa juu, kwa hiyo waliotaka darubini walitoboa ubavu wa kushoto. Matundu hayo huzibwa kwa skrubu fupi zilizosuguliwa hadi zilingane na uso. Elekeza mwanga kwa pembe, sogeza bunduki taratibu, na utaona kivuli cha duara kwa sababu chuma cha skrubu hakishiki rangi sawa na cha resiva. Kwa mkusanyaji, tundu lililozibwa hupunguza thamani kuliko kilengeo kilichopotea, maana kilengeo kinaweza kutafutwa.

Bolti isiyo yake

Mpaka hapa tumezungumzia thamani na ukweli. Bolti inahusu uso wako. Ndiyo inayofunga chumba cha risasi, na umbali kati ya uso wake na mahali risasi inapoegemea ni wa kupimwa kwa vipimo vya chuma vilivyotengenezwa kwa kila aina ya risasi. Umbali ukizidi, ganda hunyooka na linaweza kukatika, na gesi ya moto ikarudi nyuma. Bolti iliyotoka bunduki nyingine inaweza kuingia, kufunga na kufunguka vizuri kabisa na bado ikawa na kasoro hiyo. Namba zisipolingana, fundi bunduki aipime kwanza. Namba zikilingana pia, apime, kwa kuwa tumekwisha kuona namba zinavyopigwa upya.

Wakati mwingine hata magazini hutoa siri ya mtutu. Bunduki za Mannlicher-Schönauer za kiwanda cha Steyr cha Austria, za 1903, 1905, 1908 na 1910 zilikuwa kila moja na risasi yake, za milimita 6.5, 9, 8 na 9.5 kwa mfuatano huo, na magazini yao ya kuzunguka ilichongwa kwa umbo la risasi hiyo moja. Mtu akibadilisha mtutu upige risasi nyingine, magazini hubaki ikikumbuka ile ya zamani, na risasi mpya hazipandi vizuri. Bunduki ya aina hii inayokwama haina budi kuulizwa kuhusu mtutu wake.

Vitabu vya kiwanda

Ukimaliza kutazama, kuna mahali pa kupeleka mashaka yaliyobaki. Makumbusho ya silaha ya Cody, jimbo la Wyoming nchini Marekani, yanatunza vitabu vya Winchester na hutoa barua inayoeleza bunduki ilivyotoka kiwandani. Kwa Model 1894, ndiyo ile Model 94, rekodi hizo zinafika hadi namba 353,999. Rigby nao wanatunza vitabu vya kampuni yao. Barua hutaja aina ya mtutu, risasi, triga, pengine mti na oda maalumu, pamoja na tarehe ya kutoka ghalani.

Ipokee kama ushahidi mmoja kati ya mingi. Kitabu kinasema namba hiyo ilikuwa na nini siku ile. Hakisemi kwamba mtutu ulio mbele yako ndio ule ule. Mtu anaweza kuwa amesoma barua kwanza, kisha akatafuta mtutu wa kufanana nayo. Na kinyume chake hutokea pia, jambo linalonifurahisha kila nikilikuta: bunduki yenye mtutu mfupi usiolingana na kitabu, wenye muhuri halali wa kiwanda, uliochakaa sawasawa na resiva yake. Halafu ukirudi kwenye barua unaona, chini ya tarehe ya kwanza, tarehe ya pili iliyoandikwa miaka kadhaa baadaye ikiwa na herufi R&R, ambazo makarani wa Winchester walizitumia kwa bunduki iliyorudishwa na kutengenezwa.